Shali ya kumfariji anayesafishwa damu: mstatili, pembetatu au poncho?

Kitanzi Kimoja

Wapendwa, naombeni ushauri kabla sijanunua uzi. Shangazi yangu ameanza kusafishwa damu kwa mashine kwa ajili ya figo. Anakwenda mara tatu kwa wiki, na kila akienda anakaa kitini kama saa nne. Nilidhani atalalamikia sindano au uchovu, lakini kila nikimpigia simu jioni analozungumzia ni baridi. Anasema inaanzia mabegani, inashuka mgongoni, na mashine ikifika nusu ya muda anakuwa anatetemeka kabisa. Nimeamua kumfumia shali kwa kroshia.

Ujuzi wangu ni wa kawaida, mishono mitatu tu: mnyororo, nguzo na nusu nguzo. Maua na vishada siviwezi, na wala sivitaki. Nina wiki tano. Sijaamua mambo mawili.

La kwanza ni umbo: mstatili, pembetatu, au poncho ya kuvalia kichwani? La pili ni uzi: akriliki, pamba au sufu? Waliowahi kumfumia mgonjwa waniambie kipi kilitumika kweli na kipi kiliishia kabatini.

Bibi Mfumaji

Mwanangu, Mungu akubariki kwa wazo hilo. Mimi kura yangu ni pembetatu, ile inayoanzia katikati ya shingo na kushuka. Unaanza na kitanzi kidogo cha minyororo minne, na kila safu unaongeza nguzo pembeni huku na huku na pale katikati. Huhitaji kujua mapema itakuwa na ukubwa gani. Unaijaribu begani kila siku, ikitosha unakata uzi.

Lakini nikupe tahadhari ambayo mimi niliijua baada ya kuishiwa uzi mara mbili. Safu za pembetatu zinazidi kurefuka, kwa hiyo uzi unaliwa zaidi mwishoni. Ukiwa umetumia nusu ya uzi wako, shali imeshafika karibu asilimia 70 ya kina chake. Usione umebakiwa na madonge mawili kati ya manne ukadhani kazi bado ni nusu. Asilimia 30 tu ndiyo imebaki, nayo italamba madonge yote mawili.

Fundi wa Safu

Shikamoo bibi. Naheshimu pembetatu yako, lakini kwa mtu mwenye wiki tano na mishono mitatu mkononi, mstatili ndio jibu. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, na unaweza kufuma ukiwa umechoka bila kuharibu.

Kitanzi Kimoja, chukua uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 6, hata kama karatasi ya uzi inasema 5. Ukiulegeza hivyo shali inalala mwilini, haisimami kama ubao. Kwa mkono wangu napata nguzo 12 kwa sentimita 10, kwa hiyo upana wa sentimita 60 ni nguzo 72. Fuma minyororo 74, nguzo ya kwanza ichome kwenye mnyororo wa nne kutoka sindanoni, ile mitatu uliyoiruka ihesabu kuwa nguzo moja. Utapata 72. Endelea mpaka urefu wa sentimita 160 hivi.

Pembeni ndiko watu wengi wanaharibikiwa. Wanasahau nguzo ya mwisho, ile inayochomwa juu ya minyororo mitatu ya kugeuzia. Safu hii umepoteza moja, ile umepoteza moja, ukija kuitandika kitandani shali ina kiuno. Hesabu kila safu kwa safu kumi za mwanzo, kisha weka alama ya uzi wa rangi nyingine kwenye nguzo ya kwanza na ya mwisho. Na minyororo ya kuanzia ifume kwa sindano ya namba kubwa zaidi, 7 au 8, la sivyo ukingo wa mwanzo utakaza na shali itajikunja upande mmoja.

Uzi utakaohitaji ni mita 650 hadi 750. Madonge manne ya gramu 100 ya akriliki yanatosha, na hakikisha yote yana namba moja ya rangi kwenye karatasi. Rangi ya jina lilelile iliyotiwa siku tofauti huonekana kama mstari mwangani.

Kiti cha Dirishani

Nasoma na imebidi niingie, kwa sababu kiti hicho nakaa mimi mwenyewe. Mwaka wa tatu sasa.

Kwanza, shangazi yako hadanganyi kuhusu baridi. Damu inatoka mwilini, inazunguka kwenye mirija na mashine, inarudi. Baridi yake ni ya ndani, na blanketi jepesi la wodini haliifikii.

Pili, kabla ya kuzungumza umbo, muulize mashine inaunganishwa wapi. Mimi naunganishwa mkono wa kushoto, kwenye mshipa ulioandaliwa, fistula. Mkono huo lazima uonekane muda wote. Sindano ikichomoka chini ya nguo, damu inatoka kwa kasi na hakuna atakayeiona. Wauguzi wetu wakipita hufunua chochote kilichofunika mkono, hata kama umelala. Kwa hiyo poncho isahau. Kuivaa na kuivua ukiwa na sindano mbili mkononi haiwezekani, na ikishuka inafunika palepale pasipotakiwa kufunikwa.

Tatu, kile kiti kinalazwa nyuma. Nilipewa shali ya pembetatu, nzuri sana, na naipenda hadi leo kwa sababu ya aliyenipa. Lakini nikilala nyuma, ile ncha ya mgongoni inajikusanya inakuwa fundo, na baada ya saa moja kiuno kinauma. Kifua nacho kinabaki wazi kwa sababu zile ncha mbili za mbele ni nyembamba. Ninayoitumia kila mara ni ya mstatili. Naiweka upande wa kulia, inapita shingoni, inakuja kifuani na kushuka mapajani. Mkono wa kushoto uko nje, bega la kushoto limefunikwa mpaka juu kidogo ya kiwiko. Mtu akinitazama haoni ufundi wowote wa kutaja. Nikifungua mfuko asubuhi nakuta iko juu, kwa sababu niliiweka mwenyewe usiku.

Kitanzi Kimoja

Ahsante sana, kwa kweli haya sikuyajua. Nimempigia sasa hivi. Amesema kwa sasa ana mrija umewekwa upande wa kulia, chini kidogo ya shingo, unaoingia kifuani. Mshipa wa mkono wa kushoto umeshafanyiwa upasuaji lakini bado haujakomaa, wamemwambia asubiri kwanza. Kwa hiyo leo upande wa kulia ndio uwe wazi, na baada ya miezi kadhaa utakuwa mkono wa kushoto. Shali itabidi imfae kote kuwili.

Kiti cha Dirishani

Basi hapo mstatili umeshinda, maana hauna kulia wala kushoto. Ataugeuza tu.

Na kwa kuwa ana mrija, usichague uzi wenye manyoya. Pale panapoingilia mrija panatunzwa safi kuliko kitu chochote, na unyoya ukiingia chini ya bandeji ni tatizo. Muulizeni muuguzi wake nini kinaruhusiwa karibu na mrija, kila kituo kina utaratibu wake.

Nyuzi Tatu

Niingie kwenye uzi, kwani hapo ndipo nilipomkosea mtu niliyempenda.

Nilimfumia mama mdogo shali ya sufu safi. Joto la sufu halina mpinzani: inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na haishiki moto kirahisi. Nilifuma miezi miwili. Siku ya tatu ikapata doa la damu, mtu mwema akaitumbukiza kwenye mashine ya kufulia pamoja na mashuka, kwa maji ya moto. Iliporudi ilikuwa imeganda, ngumu kama zulia, inafunika meza ndogo na si mtu. Mama mdogo alilia, na alikuwa analilia kazi yangu. Bado naumia nikikumbuka. Sikuwa nimeandika popote kwamba ifuliwe kwa maji baridi kwa mkono.

Kwa hiyo sasa najiuliza nani ataifua, kabla ya kujiuliza uzi gani una joto. Akiwa anaifua mwenyewe na anaielewa sufu, sawa. Ikiwa itapita mikononi mwa wengine, akriliki. Inaingia mashineni, inakauka haraka, ni nyepesi mabegani. Ubaya wake ni moto: inashika moto kirahisi na kuyeyuka. Pasi ya moto ikigusa akriliki, mishono inalala na kulegea na hairudi tena. Anayekaa karibu na jiko la moto wazi simpi akriliki.

Pamba nayo watu huisifia kwa wagonjwa, na ni kweli haiwashi. Lakini kwa kazi hii siioni. Shali ya pamba ya ukubwa huo ni nzito, haina mvuto wa kurudi, mwezi mmoja tu imeshaongezeka urefu kwa uzito wake yenyewe. Na ikifuliwa inachelewa kukauka, wakati shangazi anaitaka kesho kutwa. Pamba ningeiweka kwa mtu mwenye ngozi inayochubuka na asiyeona baridi.

Akriliki zenyewe hazilingani. Kuna inayolia kwenye sindano, kwii kwii, hiyo iache. Chukua donge, lisugue chini ya sikio na kwenye koo kwa dakika moja. Kiganja kimezoea kazi, hakitakwambia kitu. Koo ndilo litakalosema kama inawasha.

Bibi Mfumaji

Marahaba, Fundi. Na nimemsoma wa Dirishani mpaka mwisho, nimerudi nyuma kwa moyo mweupe. Pembetatu ni ya mtu anayetembea na kukaa wima. Kwa anayelazwa kitini, mstatili.

Ila msimfumie kwa nguzo peke yake. Nguzo zinaacha nafasi, baridi inapita, na vidole vya mgonjwa vinanasa. Mwanangu, tumia nusu nguzo: zungusha uzi, choma, vuta, una vitanzi vitatu sindanoni, pita vyote kwa mara moja. Kitambaa kinafunga vizuri na bado kinalala. Kitakula uzi zaidi, nunua donge la tano.

Na tafadhali, usiweke vishada vya uzi kwenye ncha. Kiti chenye magurudumu na vishada havikai pamoja. Nimewahi kushuhudia kishada kikimezwa na gurudumu, na shali ikavutwa kutoka shingoni mwa mtu.

Fundi wa Safu

Bibi yuko sahihi kuhusu nusu nguzo. Naongeza kitu kimoja: kifungo kikubwa cha mbao. Huhitaji tundu, kinapita katikati ya mishono popote.

Kiti cha Dirishani

Kifungo ni kizuri, lakini kisiwe kifuani, mrija uko hapo. Kishone usawa wa kiuno, pembeni. Hapo kinaizuia shali isiteleze anapolala, na anakifungua kwa mkono mmoja. Jaribu mwenyewe kwa mkono mmoja kabla ya kumpa.

Nyuzi Tatu

Jambo dogo nje ya mada. Huko Marekani, mwaka 1998, Janet Bristow na Victoria Galo walianzisha utaratibu wa kufuma shali za sala kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa. Shali yao ya mwanzo ilifumwa kwa sindano mbili, mishono mitatu mitatu, na mfumaji anamwombea au anamfikiria atakayeivaa tangu mshono wa kwanza. Mimi kwenye kroshia nimelichukua hilo la tatu: nahesabu tatu tatu, na kila tatu nataja jina la mtu kimoyomoyo. Inanisaidia kutopotea hesabu, na nikimaliza safu nimemtaja mara ishirini na kitu.

Usisahau kuifua kabla ya kumpa, kwa sabuni isiyo na harufu. Mtu aliye kwenye matibabu harufu kidogo tu inamtibua tumbo. Na shonea kijikaratasi cha kitambaa chenye maelezo ya kufua, herufi kubwa.

Kitanzi Kimoja

Nimerudi. Nimenunua akriliki laini, madonge matano, namba moja. Rangi nilimwachia achague mwenyewe kwa simu: hakutaka nyeupe wala rangi ya mashuka ya wodini, akasema "nipe kitu cha machungwa, niione nikifumbua macho."

Jana usiku nimefuma kipande cha majaribio kwa nusu nguzo, sindano 6. Mkono wangu unakaza kuliko wa Fundi, napata 13 kwa sentimita 10. Kwa hiyo 72 zangu zinatoa sentimita 55, na nimeamua upana huo huo, kwa kuwa shangazi ni mtu mdogo wa mwili. Zinagawanyika kwa tatu pia, dada Nyuzi Tatu: ishirini na nne kila safu. Kile kipande nimelala nacho kimefungwa shingoni mpaka asubuhi. Hakijawasha.

Safu sita tayari. Nahesabu kila moja.