Laptopu mbili meza moja, eti haziongei mpaka kuwe na intaneti?

Wakuu, leo sinyamazi.

Nina laptopu mbili, zote Windows, zimekaa ubavu kwa ubavu. Nataka kuhamisha folda la video, basi. Ruta sina na siihitaji. Waifai ya mashine hadi mashine, bila dalali katikati, imo kwenye 802.11, yaani kiwango chenyewe cha waifai, tangu 1997. Sasa kigugumizi cha nini?

Windows 7 ilikuwa na sehemu yake kabisa: unatengeneza mtandao wa ad hoki (ndio huo wa mashine hadi mashine), unaweka nywila, mwenzako anajiunga, kwisha. Kwenye Windows 8 sehemu hiyo ikatolewa. Ikabaki amri ya kuandika, netsh wlan hostednetwork, ya kuigeuza laptopu iwe kituo cha waifai, nayo draiva nyingi za sasa (programu zinazoendesha kadi ya waifai) haziikubali. Haya, nikakimbilia hotspoti ya Windows 10. Jibu: haiwezi kuwashwa, kompyuta haina muunganisho wa kugawa. Jamani! Nani kaomba intaneti hapa?

Najua mnakuja na "tumia waya". Laptopu nyembamba za siku hizi hata tundu la Ethernet, la waya wa mtandao, hazina, mpaka ununue adapta. Muuzaji naye atakwambia lazima waya wa krosi, ule uliopishanishwa nyaya za ndani. Mkatalie. Kadi za mtandao za gigabiti zinajipanga zenyewe, waya wa kawaida unatosha. Na anayekushauri waya wa USB wenye vichwa viwili vya kiume mkimbie kabisa, pande zote mbili zinasukuma volti 5 na unaweza kuunguza tundu.

Umechomeka, bado hujafika. Hakuna ruta ya kugawa anwani za mtandao, kwa hiyo kila mashine inajipa ya kwake inayoanza na 169.254. Hilo wala silalamikii, zinaonana vizuri tu. Kinachonichefua ni kwamba Windows inauita mtandao usiotambulika, inautupa kwenye kundi la mitandao ya umma, na faiawoli inafunga mlango wa faili. Uende ukawashe ugawaji wa faili kwa mkono, kwenye mipangilio iliyofichwa huko chini.

Ukishafungua, unaulizwa jina na nywila. PIN unayofungulia kila siku haifai hapo. Akaunti isiyo na nywila nayo inakataliwa, na ujumbe wenyewe hausemi wazi kwa nini. Hapo ndipo watu wanaporusha mikono na kurudi kwenye fleshi, ambayo ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, itaigomea faili yoyote inayozidi GB 4.

Mwenye njia ya kuwasha hotspoti bila intaneti kabisa, bila kusakinisha madude ya ajabu, aweke hatua hapa. Wewe unayetaka kuniambia nipandishe video zote winguni halafu nizishushe upande wa pili wa meza, pita tu, usicomenti.