Mjadala: Brock Purdy anathibitisha 49ers wanajua kuchagua, au hawajui?

Mtoa mada

Wakuu, habari za asubuhi. Kwa wasiofuatilia, drafti ninayoisema hapa si ile ya vizibo vya soda kijiweni. Ni ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani. Kila Aprili timu 32 zinapokezana zamu kuchukua vijana kutoka vyuo vikuu, raundi 7, na iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inayoanza.

Mimi nina daftari. Tangu 2017, usiku wa drafti (kwetu inaanza saa tisa usiku, bando likiruhusu) nakaa na penseli naandika alama pembeni ya kila jina la San Francisco 49ers. Juzi nimelifungua. Ukurasa wa 2021: Trey Lance, namba 3 (yaani wa tatu kuitwa), nimempa A na kuipigia mistari miwili. Ukurasa wa 2022, chini kabisa: Brock Purdy, namba 262, kijana wa mwisho kuitwa kati ya wote mwaka ule. Hana alama. Nimeandika tu "wa kujazia".

Mnajua kilichofuata. Lance alianza mechi 4 tu, Agosti 2023 akapelekwa Dallas kwa nafasi moja (zamu ya kuchagua) ya raundi ya nne. Wa kujazia akaifikisha timu Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2024, wakalala kwa Kansas City 25-22 kwenye muda wa nyongeza.

Sasa kuna watu wanasema meneja mkuu John Lynch ni fundi kwa sababu "alimwona" Purdy. Alimwona wapi? Mwaka ule 49ers waliita majina 8 kabla ya lake. Mtu anayejua kuna almasi kwenye gunia haanzi kutoa kokoto nane. Ni yale yale ya New England mwaka 2000: walichukua wachezaji 6 kwanza ndipo wakamkumbuka Tom Brady, namba 199, aliyekuja kuwa gwiji. Ile naiita bahati, na bahati haipewi alama.

Mimi nasema timu ipimwe kwa bei iliyolipa. Ili kumpata Lance, Lynch aliwapa Miami nafasi yake ya raundi ya kwanza ya 2021, na ya 2022, na ya 2023, na ya raundi ya tatu juu yake. Hapo kwangu amefeli. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, umeng'ang'ania ukurasa mmoja wa daftari. Fungua na hizi nyingine, za walioitwa nyuma wakaja kuwa nyota: George Kittle 2017, namba 146. Fred Warner 2018, namba 70. Dre Greenlaw 2019, namba 148. Talanoa Hufanga 2021, namba 180. Bahati gani hiyo inayokuja kila mwaka kama kodi ya nyumba?

Halafu Purdy alikuwa kotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) wa tatu. Lance akaumia, Jimmy Garoppolo naye akaumia, ndipo dogo akaingia. Timu nyingine wangekuwa wameshamfungashia virago Agosti. Kumweka na kumfundisha nako ni kazi, ila kwenye daftari lako haina safu.

Mchangiaji wa 3

Alama za usiku ule ule ni kama sisi tunavyogawa ubingwa kwa usajili wa Agosti kabla filimbi haijapigwa. Seattle mwaka 2012 kuna waandishi waliwapa alama ya chini kabisa: Bruce Irvin namba 15, Bobby Wagner 47, Russell Wilson 75. Haikutimia miaka miwili, Februari 2014, watu hao hao wakampiga Denver 43-8 kwenye fainali. Msubirini mtoto atembee kwanza.

Mchangiaji wa 4

Niko huku Marekani mwaka wa kumi na mbili, nimechoka kusikia neno "fundi". Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walichambua drafti za miaka mingi. Ukichukua wachezaji wawili wanaocheza sehemu moja uwanjani waliofuatana kuitwa, aliyetangulia anamzidi mwenzake takriban mara 52 kati ya 100. Urushe sarafu tu, unakosa pointi mbili.

Kwa hiyo mtoa mada uko sahihi, ila kwa sababu isiyo yako. Kosa halikuwa kumpenda Lance. Kosa ni kuuza tiketi nyingi za bahati nasibu ili ununue moja. Na usisahau mshahara: mwaka 2023 Purdy alilipwa chini ya dola milioni moja, kwa kuwa mkataba wa mchezaji mpya unapangwa na namba aliyoitwa. Zilizobaki kwenye bajeti ya mishahara zikawalipa wakubwa. Mei 2025 wamempa mkataba wa miaka 5, dola milioni 265. Raha ya dezo imeisha.

Mchangiaji wa 5

Na wasioitwa kabisa je? Kurt Warner hakuitwa na yuko kwenye jumba la magwiji. Sisi Wakenya tulikuwa na Daniel Adongo, Indianapolis Colts walimtoa kwenye raga 2013 bila drafti. Hakudumu, lakini alifika.

Mchangiaji wa 2

Narudi kwa mtoa mada na swali dogo. 2017 Kansas City walipanda kutoka namba 27 hadi 10 wakamchukua Patrick Mahomes, kotabeki aliyekuja kuwapa ubingwa, wakatoa na raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Kwa kipimo chako cha bei nao walifeli?

Mtoa mada

Hapo umenikamata, kaka. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka huo huo 49ers walikuwa na namba 3, wakamchukua Solomon Thomas, na Mahomes alikuwa bado yupo mezani. Nimeangalia daftari: Thomas nilimpa A.

Ila tofauti ipo. Kansas City waliongeza raundi ya kwanza moja, 49ers waliongeza mbili. Ukikosea moja unajikung'uta vumbi. Ukikosea mbili, Aprili mbili mfululizo unaangalia wenzako wakiita majina na wewe umekaa kimya. Ndivyo nilivyokaa mimi 2022 na 2023, saa tisa usiku, bando linaisha bure.

Mchangiaji wa 3, nimekubali kusubiri. Nimefuta A ya Lance. Mwaka 2022 naupa C leo, Purdy akiwemo ndani. Anayetaka kuupandisha anitajie kwanza nani angemchukua namba 61 badala ya Drake Jackson, na asichungulie majibu.