Mdogo wangu ana safari ya kambi ya Qur'ani Uturuki mwezi wa saba, nimekwama. Naombeni ushauri

Kaka Mtu
Assalamu alaykum wana jukwaa, na wasio Waislamu habari zenu.
Mimi ni fundi cherehani, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na mdogo wangu wa kike wa miaka 17. Kidato cha nne kamaliza mwaka jana na kafaulu vizuri. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki, binti nimemlea mimi tangu anaanza sekondari. Madrasa hakosi, ana juzuu 11 kichwani. Ustadhi wake kampigania kapata nafasi kambi ya kiangazi Istanbul, wiki sita, kuanzia Julai: hifdhi (kuhifadhi Qur'ani), tajwidi (kanuni za kuisoma) na Kiarabu kidogo. Kula na kulala juu yao, tiketi juu yetu. Pasi tayari. Imebaki viza, na ubalozini Dar bado kimya. Usingizi sipati.
Je, nishuke Dar nikaulize mwenyewe au nisubiri? Na binti wa umri huo apewe pesa ya mfukoni kiasi gani? Nguo je, huko Julai kuna baridi?

Bint Sabasaba
Wa alaykum salaam. Hongera sana, kumlea mdogo wako hadi hapo si kazi ndogo. Julai kwao ni joto, abebe madira mepesi. Sweta la upepo wa Dodoma aliache nyumbani.

Mzee wa Kizota
Kabla ya nguo, mahram wake nani, yaani ndugu wa kiume wa kumsindikiza? Mwanamke hasafiri bila mahram, hadithi iko wazi. Mnakimbilia Qur'ani huku mnaivunja njiani.

Bint Sabasaba
Shekhe, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameruhusu Hija ya faradhi akiwa na wanawake waaminifu. Na Saudia wenyewe siku hizi wamelegeza.

Mzee wa Kizota
Umesema mwenyewe, Hija ya faradhi. Kambi si faradhi.

Kaka Mtu
Wanaenda mabinti wanne na ustadha mmoja mtu mzima. Hilo tulishalipima.

Niliwahi Kwenda
Mkuu, mimi nilienda kambi kama hiyo nikiwa na miaka 19, nikueleze ambayo hakuna aliyeniambia. Kule wengi ni madhehebu ya Hanafi, si Shafi kama sisi. Alfajiri ya kwanza nimesimama nasubiri dua ya kunuti, imamu huyo kashasujudu. Nilidhani kasahau, nikataka kumkumbusha! Mwambie mapema asije akadhani swala zao zina kasoro.
La pili ni usingizi. Sisi huku magharibi ni saa kumi na mbili na nusu au saa moja kasoro, mwaka mzima. Istanbul mwanzoni mwa Julai jua linazama saa mbili na nusu usiku, isha inapita saa nne, na alfajiri inaingia mapema kuliko yetu. Saa zao na zetu ni zilezile, ila usiku wao ni kipande. Wiki ya kwanza nilikuwa nasinzia na msahafu mkononi.
Lakini tajwidi nilinyooshwa. Herufi ya dhadi niliyoikosea miaka kumi mwalimu aliirekebisha kwa siku tatu, kanishika taya hivi kwa vidole. Mpaka leo nikisoma "waladh-dhaallin" namuombea dua.

Kaka Mtu
Umenitoa machozi. Hicho ndicho ninachomtakia.

Mwalimu Area C
Samahani, nina swali. Amefaulu vizuri, maana yake TAMISEMI wamempangia kidato cha tano. Kidato cha tano wanaripoti mwanzoni mwa Julai. Atakuwa shuleni au Istanbul?

Bint Sabasaba
Eeh, hapo pana neno.

Kaka Mtu
Kapangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya bweni mkoani Tabora. Nitaandika barua achelewe kuripoti.

Mwalimu Area C
Wiki sita? Fomu za kujiunga huwa na siku ya mwisho ya kuripoti, ikipita nafasi anapewa mwingine. Na PCB ukikosa wiki sita za mwanzo unaisaka fizikia mpaka unamaliza. Mimi nawafundisha, nawaona. Mzazi wake anasemaje?

Kaka Mtu
Mlezi wake ni mimi. Shule zipo kila mwaka, nafasi hii hairudi. Watu wanapeleka watoto nje kusomea mambo ya dunia wanapigiwa makofi, mtoto akienda kusoma kitabu cha Mola wake maswali hayaishi. Halafu wakala wa tiketi nimeshampa milioni moja na laki mbili, nimeuza cherehani ya umeme. Sirudi nyuma. Nimeuliza habari ya viza tu.

Mama wa Mpunguzi
Mwanangu, hapa hakuna anayepinga Qur'ani. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anasoma Khartoum vita vilipoanza Aprili 2023. Siku nzima simu haipatikani. Nilikuwa shambani kwenye zabibu, nikaangusha mkasi nikakaa chini. Walitolewa kwa mabasi mpaka mpaka wa Ethiopia, ndiyo wakaletwa Dar kwa ndege. Kilichowasaidia ni kwamba ubalozi wetu ulikuwa na majina yao na nyumbani tulikuwa tunajua analala wapi na nani. Uturuki hakuna vita, najua. Nakuuliza tu: nyumbani kwenu wote wanajua anakwenda wapi?

Kaka Mtu
Wanaohusika wanajua.

Dereva Singida
Jibu la kukwepa hilo, "wanaohusika". 😂 Mimi nasema aende, mradi asirudi na mkwe wa Kituruki tukakosa mahari ya ng'ombe.

Fundi Simu
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Nimesoma uzi wote. Mtoto wa miaka 17 hapati pasi bila ridhaa ya wazazi. Kaka hatoshi labda awe na karatasi za ulezi. Niliwahi kumpeleka mpwa wangu Uhamiaji, niliambiwa nimlete mama yake mwenyewe au barua yake na kitambulisho chake. Huyu anasema mama kafariki, yeye mlezi, pasi tayari. Baba hatajwi popote, si hai wala si marehemu. Hadithi nzima ina mama bila baba. Mnapoteza bando.

Dereva Singida
Kweli aisee. Chai, tena ya rangi.

Mzee wa Kizota
Wengine wanatunga ili Waislamu tubishane mbele za watu. Mods wafunge.

Niliwahi Kwenda
Mimi simwoni kama mwongo. Mtu anayetunga hababaiki hivi. Kaka Mtu, jibu: baba yupo?

Kaka Mtu
Nilitoka jukwaani, nimekwenda kuswali isha, nimerudi. Sipendi kuitwa mwongo kwenye hili, kwa hiyo nasema.
Baba yupo. Yuko Kondoa, analima alizeti. Nilimweleza habari ya kambi mwezi wa tatu, akasema hapana, binti aende shule kwanza, Qur'ani haikimbii. Nilinyamaza.
Baba anasoma Qur'ani kuliko sisi sote, huyu binti alif ya kwanza kafundishwa naye. Lakini maandishi haya ya kizungu hajui. Mwezi wa nne nilikwenda na barua ya ridhaa nikamwambia ni fomu za shule. Akavaa miwani, akaangalia karatasi muda mrefu, akaniuliza, "Nisaini wapi?" Akasaini jina lake kwa herufi za Kiarabu kama anavyosaini siku zote. Kitambulisho chake cha NIDA nikakitoa kopi. Ndiyo pasi ikatoka hivyo, na barua hiyohiyo ndiyo iko ubalozini.
Sikuiba. Nilitaka apate ambacho mimi sikupata. Mimi niliacha madrasa nikiwa juzuu ya tatu, nikaingia kwenye cherehani.

Fundi Simu
Nimefuta neno chai. Nisamehe.

Mama wa Mpunguzi
Subhanallah. Binti anajua?

Kaka Mtu
Hajui. Anajua baba karidhia. Kila Ijumaa anampigia simu anamshukuru kwa "kumruhusu kusoma", na baba anadhani anazungumzia Tabora.

Mzee wa Kizota
Kijana, mahram nayaacha kwa leo. Nenda kwa baba yako. Kosa hili hata sisi watu wazima tumewahi kuwafanyia wazazi wetu. Wangu alifariki kabla sijamwambia.

Mwalimu Area C
Na barua ile ubalozini iondoe kabla hawajajibu, usingoje viza itoke. Mpigie ustadhi uone kama wanaweza kumwekea nafasi hadi amalize kidato cha sita. Mtihani ule ni Mei, kambi ni Julai, atakuwa na miaka 19, ridhaa anajisainia. Ila msitoe jibu kabla hamjaangalia tarehe za JKT, mafunzo ya jeshi ya wanaomaliza kidato cha sita, nayo huwa kipindi hichohicho.

Kaka Mtu
Na milioni na laki mbili?

Dereva Singida
Soma masharti kwenye risiti. Kama ni malipo ya awali huenda wakakata kidogo. Nikiwa Dodoma Jumatano naweza kukusindikiza kwa huyo wakala, mawakala nawajua lugha yao. Sitanii sasa.

Niliwahi Kwenda
Hakuna ubaya pia baba akikubali akishaelezwa. Usiende umeshaamua jibu lake.

Kaka Mtu
Nimekata tiketi ya basi la asubuhi la Kondoa. Pasi iko mfukoni mwa koti, na nakala ya ile barua nimeichapisha nimsomee neno kwa neno. Binti yuko sebuleni anarudia juzuu ya saba kwa moyo, namsikia kutoka hapa. Akimaliza ukurasa huu namwita.