Kura ya maoni kuhusu nyuklia ya Iran: SMS za redio, banda la Nanenane au nyumba kwa nyumba?

Mwanjelwa_Junior · 3 Julai 2025
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha mijadala hapa Mbeya kinataka kupima wananchi wanaonaje: mgogoro wa nyuklia wa Iran umalizwe kwa mazungumzo au kwa nguvu? Njia zilizopo mezani ni tatu: (1) redio itangaze swali na watu wajibu kwa SMS, (2) tuweke meza Nanenane pale John Mwakangale, (3) nyumba kwa nyumba. Hela inatengwa wiki ijayo. Ipi inalipa? Nawasilisha.

Kamwene_Kihesa
Mkuu, umeleta mchuzi bila nyama. Bajeti ni kiasi gani? Unataka kusemea nani: jiji la Mbeya, mkoa mzima, au Nyanda za Juu Kusini zote? Matokeo yanakwenda wapi? Na swali lenyewe limeandikwaje? Hapo tunachagua gari bila kujua linabeba nini.

MamaParachichi_Njombe
Nyumba kwa nyumba. Hayo mengine ni burudani.

Mwanjelwa_Junior
Samahani wakuu. Bajeti ni milioni 2.5. Ni jiji la Mbeya tu. Matokeo tutayasoma kwenye mdahalo mwezi wa tisa. Swali: "Je, unakubali kwamba mgogoro wa Iran utatuliwe kwa amani badala ya vita?" Ndiyo / Hapana.

Dodoso_Uyole
Swali hilo limeshajijibu. Nani Mbeya atasema hataki amani? Utapata Ndiyo tupu, halafu ukumbi utakuuliza umejifunza nini.

Angalia Marekani Julai 2015, wiki ile ile makubaliano ya nyuklia na Iran yalipotangazwa Vienna. Gazeti la Washington Post na runinga ya ABC walimweleza mhojiwa kwanza kilichomo: vikwazo vinaondolewa, Iran inabanwa, wakaguzi wanaingia. Walioafiki walikuwa 56%, waliopinga 37%. Pew, kituo cha utafiti wa maoni, wao hawakueleza yaliyomo. Waliuliza waliokwishasikia habari hiyo kama wanaafiki makubaliano na Iran, wakapata 38% kwa 48%. Nchi ile ile, wiki ile ile, majibu yamepinduka. Kwa hiyo kabla ya kugombania SMS au miguu, tengeneza swali.

Vunja hivi:
Kwanza chujio: "Umesikia habari za mgogoro wa nyuklia wa Iran?" Asiyesikia usimlazimishe kuwa na msimamo, mpeleke moja kwa moja kwenye maswali ya umri na elimu.
Pili, toa njia nne badala ya mbili: mazungumzo pamoja na ukaguzi, vikwazo vya uchumi, mashambulizi ya kijeshi, au waachiwe wenyewe. Weka na "sijui", lakini mdodosaji asiisome kwa sauti, la sivyo kila aliyechoka ataishika.
Tatu, badilisha mpangilio. Nusu ya wahojiwa waanze kusomewa mashambulizi, nusu waanze na mazungumzo. Anayesikiliza bila karatasi hukumbuka la mwisho.
Nne, masharti: "Ikiwa Iran itawazuia wakaguzi wasiingie kabisa, ungechagua ipi?" Hapo ndipo utaona msimamo wa mtu unapohama.

Na "je, unakubali kwamba" ifute kabisa. Mzee wa Iyunga akiulizwa na kijana mwenye kitambulisho shingoni atakubali chochote ili umwache aendelee na shughuli zake.

Kamwene_Kihesa
Naunga mkono, ila niongeze kuhusu SMS maana watu wanaipenda kwa kuwa ni rahisi. Kituo kimoja cha redio huku nyanda za juu (jina tuliache) kiliwahi kuendesha kura ya namna hii kuhusu jambo la nje ya nchi. Mtangazaji alisoma swali mara nne ndani ya kipindi cha jioni, na kila alipolisoma alitia chumvi kidogo. Mara ya mwisho swali lilikuwa limeshakuwa hotuba. Ujumbe ulikatwa ada ya juu kuliko SMS ya kawaida, kwa hiyo wenye salio dogo wakakaa pembeni. Mfumo ulihesabu ujumbe na si namba za simu, ndiyo maana mtu mwenye kifurushi alipiga kura mara thelathini na zote zikahesabiwa. Kikundi kimoja cha WhatsApp kikapeana taarifa, saa mbili usiku matokeo yakaruka upande mmoja. Walioandika "A " yenye nafasi mbele, au "jibu A", mashine iliwatupa. Kesho yake kituo kikatangaza "wananchi wa kanda wamesema". Wananchi wepi?

Ukilazimika kutumia SMS, hesabu namba moja kura moja, omba umri, jinsi na kata kwenye ujumbe wa pili, na usitangaze asilimia kana kwamba ni za jiji. Sema "waliotutumia ujumbe". Basi.

Tunduma_Mizani
Mnazunguka sana. Mwananchi wa huku swali lake ni dizeli. Karibu sehemu moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita mlango bahari wa Hormuz, pale Iran. Makombora yakianza kupishana, EWURA ikitangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi tunajua tumeumia, na foleni ya malori hapa mpakani inaongeza nauli ya kila kitu. Muulize mtu mafuta, atakupa jibu la vita.
Halafu mazungumzo yamesaidia nini? Wameongea miaka ishirini.

Mwl_Rungwe
@Tunduma_Mizani, yalisaidia, na vipimo vipo. Makubaliano ya 14 Julai 2015 yalibana urutubishaji (kuongeza kiwango cha urani inayotumika kwenye kinu au bomu) usipite 3.67%, akiba isizidi kilo 300, mashine za kurutubisha zibaki 5,060 kwenye kituo cha Natanz, wakati nchi nzima zilikuwa karibu 19,000. Desemba ile ile zaidi ya tani 11 za urani zilisafirishwa kwenda Urusi, na Januari 2016 moyo wa kinu cha Arak ukatolewa, mashimo yake yakajazwa saruji. Marekani ilijitoa 8 Mei 2018. Aprili 2021 Iran ikaanza kurutubisha hadi 60%. Ripoti ya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, ya mwisho wa Mei mwaka huu inataja kilo 408 za kiwango hicho. Silaha inataka karibu 90%, ila kutoka 60 kwenda 90 ni hatua fupi. Kazi kubwa ni ile ya kutoka 0.7% ya asili hadi 20%, maana pale ndipo unapochambua na kutupa sehemu kubwa ya urani isiyotakiwa.

Upande wa nguvu: Israel ilipiga kinu cha Osirak cha Iraq 7 Juni 1981. Iraq ikahamishia kazi mafichoni, na wakaguzi waliikuta baada ya vita ya 1991. Ukipiga jengo, wanaojua kulijenga wanabaki.

Tunduma_Mizani
Na Syria je? Septemba 2007 kinu kilipigwa Al Kibar, mpaka leo hakikujengwa tena. Korea Kaskazini walifanya mapatano 1994, wakajitoa kwenye mkataba wa kuzuia silaha za nyuklia 2003, Oktoba 2006 wakalipua bomu la majaribio. Mwalimu anachagua mifano.

Mwl_Rungwe
Sote tunachagua. Al Kibar kilikuwa kinu kimoja, kiko juu ya ardhi, na bado hakijawaka. Fordow, kituo kingine cha Iran cha kurutubisha, iko ndani ya mlima. Tarehe 22 Juni Wamarekani wameangusha mabomu 14 ya zaidi ya tani 13 kila moja, Fordow na Natanz, na bado watu wanabishana zile kilo 408 ziko wapi. Jana Iran imesimamisha kwa sheria ushirikiano na IAEA. Bila mkaguzi kwenye eneo lenyewe, huwezi kupima bomu lilifanya nini. Na mfano ulio karibu nasi mbona hautajwi? Afrika Kusini ilifumua mabomu sita yenyewe na kuingia kwenye mkataba 1991, de Klerk akalitangazia Bunge Machi 1993. Hakuna aliyeirushia kombora.

Tunduma_Mizani
Libya nao waliachia mpango wao wa nyuklia 2003. Muulize Gaddafi.

Namtumbo_Kwetu
Wakuu, mkiwa hapo hapo kwenye urani: ya Mkuju huku kwetu ikichimbwa itatoka kama keki ya njano (unga wa urani ghafi), bado ni 0.7%. Kuna watu wanadhani tukichimba tu tumeshakuwa kama Iran. Kwenye dodoso ongezeni swali la kupima uelewa, lakini liwe mwisho. Likiwa mwanzo mtu atajiona amefeli mtihani, mengine atajibu kwa hasira.

Dodoso_Uyole
Turudi kwa Junior. Hesabu ya nyumba kwa nyumba, jiji la Mbeya:
Watu 400, yaani mitaa 50 mara watu 8. Mitaa ichaguliwe kwa kufuata idadi ya watu, msiende mnakopajua, vinginevyo yote itakuwa Mwanjelwa na Soweto. Ndani ya mtaa, anzieni ofisi ya mtendaji, rukeni nyumba kwa hatua moja isiyobadilika. Ndani ya nyumba, mhojiwa ni mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa imekaribia zaidi. Aliyefungua mlango si lazima awe yeye.
Wadodosaji 5 kwa siku 10, kila mmoja watu 8 kwa siku. Posho 25,000: jumla 1,250,000. Nauli 5,000 kila mmoja kwa siku: 250,000. Msimamizi 30,000 kwa siku: 300,000. Siku moja ya mafunzo: 125,000. Jumla 1,925,000. Kobo (programu ya kukusanyia majibu) kwenye simu ni bure. Inayobaki ni ya vocha, kurudia nyumba zilizofungwa, na majaribio ya watu 20 kabla ya kuanza.
Kwenye karatasi 400 hukupa kosa la takriban asilimia 5 juu au chini. Kwa kuwa majirani hufanana mawazo, hesabu karibu 6. Kwa hiyo 48 kwa 44 usiite ushindi.

MamaParachichi_Njombe
Nilisema. Ila mwaka huu ni wa uchaguzi, kijana akibisha hodi na simu mkononi watadhani anasajili wanachama. Pateni barua ya ofisi ya mkurugenzi, nakala kwa kila mtendaji wa kata na wa mtaa, na mdodosaji asivae kijani, bluu wala zambarau. Na muende jioni, mchana utawakuta watoto na wazee.

Kamwene_Kihesa
Njano pia aache.

Mwanjelwa_Junior
Ndaga wakuu. Wenzangu lakini bado wanataka Nanenane, wanasema kwa siku tatu tunapata watu 1,000 kwa laki sita.

Dodoso_Uyole
1,000 wa Nanenane ni waliokuwa na nauli, kiingilio na nafasi siku hiyo, na nusu si wa jiji, wametoka Chunya, Mbarali hadi Sumbawanga. Wingi hautibu hilo. Itumieni kwa majaribio ya swali tu: 20 waanze na mashambulizi, 20 na mazungumzo, muone kama mpangilio unawahamisha.

Tunduma_Mizani
Na swali la dizeli mmeliweka?

Mwl_Rungwe
Likiwekwa, lije baada ya maswali ya Iran. Ukimtajia mtu bei ya mafuta kwanza, umeshamchagulia.

Tunduma_Mizani
Mimi nasema liwe la kwanza, maana ndivyo watu wanavyofikiri kweli.

Mwanjelwa_Junior
Hapo sasa mmenichanganya upya. Nitawaletea rasimu ya maswali Jumatatu tukimaliza kikao. Kuna mwenye mfano wa barua ya mkurugenzi?