Yule staa wa mpira wa shule yenu, siku hizi yuko wapi? Tupeane uzoefu

MtuWaShinyalu
Wasee, Jumamosi nilikuwa mazishini huku kwetu Shinyalu, tulizika jamaa tuliyesoma naye, sisi tulimwita Tisa tu sababu ya jezi. Miaka ya tisini ukisema Tisa shule nzima inajua, hadi mpishi. Kuna siku pale uwanja wa Bukhungu, Kakamega, alipita mabeki watatu, kipa akaanguka peke yake bila kuguswa, na wazee pembeni wanapiga kelele "Kadenge na mpira!" kama mtangazaji Mambo Mbotela akimsifu Joe Kadenge kwa redio. Tulirudi shule juu ya lori la miwa tukiimba, kesho yake sauti hakuna.

Sote tulijua huyo ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, moja kwa moja. Akaenda Nairobi kwa majaribio, goti likakataa, akarudi na begi lile lile. Watu wakasema basi, kwisha yeye. Akafungua kibanda cha fundi viatu, na jioni anafundisha watoto kwa kiwanja cha primary, bure, ila kabla hujagusa mpira unamwonyesha daftari la hesabu la siku hiyo. Kama huna, kazi yako ni kuokota mipira ikiingia kwa miwa.

Na mipira alikuwa anashona mwenyewe! Mnakumbuka 2017 serikali ilipopiga marufuku juala, ile mifuko ya plastiki, watoto wakakosa cha kufunga mpira? Yeye alikuwa anakusanya mipira iliyokufa, anafumua vile vipande 32, anachagua vizima, anashona upya na uzi wa nailoni aliosugua kwa mshumaa. Nilimkuta siku moja sindano iko kwa meno na anaongea nami hivyo hivyo.

Jumamosi jeneza lilizungushwa hicho kiwanja mara moja kabla ya kwenda bomani. Watoto walitangulia, jezi kila mtu na rangi yake. Nililia, sidanganyi. Haya, wenu wako wapi?

Omera_Kondele
Pole sana omera. Wetu yuko stage ya boda hapa Kondele. Mpande mpaka Mamboleo, utasikia ile penalti yake iliyogonga mwamba, na huo mwamba kila mwaka unazidi kusogea. Lakini Gor Mahia na Ingwe zikicheza yeye ndio hukaa katikati ya banda la video, kijani huku, chui kule, na hakuna kiti kinarushwa. Hiyo nayo ni kazi.

KipaWaZamani
Wanawake mmetusahau kama kawaida. Mimi nilidaka miaka minne shule moja ya Vihiga. Form one mama alinichapa vizuri sana kwa kurudi na sketi imeraruka, term iliyofuata akaambiwa karo yangu imepunguzwa nusu sababu ya mpira, na kuanzia hapo jezi yangu alikuwa anaipiga pasi yeye mwenyewe, tena na mikunjo kama suruali ya chifu.

Sikufika mbali. Ila 2021 Vihiga Queens walipoenda Cairo, ile ligi ya mabingwa ya wanawake Afrika ndio inaanza kabisa, nilitazama kwa simu ya shemeji nikapiga kelele hadi kuku wakakimbia. Kwangu kuna gunia la njumu kuukuu. Msichana anachukua Ijumaa, Jumatatu anarudisha zimeoshwa. Zimepotea jozi mbili tu, na moja najua mwenyewe aliolewa nazo.

MitumbaAfraha
Staa mwenyewe ndio mimi, nauza mitumba hapa Nakuru. Jina la shule sitalitaja. Walinitoa kijijini wakasema wewe cheza tu, karo tuachie, wakanirudisha form three mara mbili ili niendelee kucheza, mimi kijana wa ndevu naimba wimbo wa taifa na watoto. Mguu ulipovunjika nikaambiwa nije na mzazi na karo ya miaka yote. Cheti nilikuja kukipata nina watoto wawili. Siku hizi mtu akija kumchukua kijana wa mtaa huu kwenda kucheza shule, naenda na mzazi hadi ofisini, tunataka hiyo ahadi ya karo kwa karatasi, na mhuri. Wengine hunichukia. Sawa tu.

Omera_Kondele
@MitumbaAfraha hapo kwa mhuri nimekuheshimu.

MtuWaShinyalu
Asanteni jamani. Sasa nina shida moja. Jana mjane wake alinipa funguo za kibanda, ndani kuna mipira sita, mitano mizima, wa sita umeshonwa nusu na sindano bado iko ndani. Watoto wameshaniuliza mara tatu utaisha lini. Nimejaribu nikajidunga kidole. Kuna mtu hapa karibu na Khayega anajua kushona mpira, au hata fundi viatu mwenye subira? Nauli nitalipa.