Tupeane uzoefu: wembe wako wa kwanza wa kukunja uliupataje, na ulikuponza wapi?

Kidevu wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nimechoka na hizi mashine za plastiki za kutupa, zile za visu vitatu vinne, kila nikinyoa shingo inawaka moto siku mbili. Sasa nimemuona jamaa ananyoa kwa ule wembe wa zamani wa kukunja, chuma chenyewe, ule ambao vinyozi wa zamani walikuwa wanaupitisha kwenye mkanda wa ngozi chwa chwa chwa kabla hawajakushika shavu. Nikapenda. Wahenga walisema ukiona mwenzio ananyolewa zako tia maji, mimi zangu nshatia, nimesimama hapa povu linakauka na sijui ninunue upi. Nikiingia mtandaoni naona 5/8, 6/8, kaboni, stenlesi, ncha ya duara, ncha ya mraba, mara Solingen mara Sheffield, kichwa kinauma. Naomba wenye uzoefu, ila sio wa kukopi na kupesti, mwenye wembe na kovu lake ndo aje aseme alianzia wapi.

Mangi wa Kona
Nyembe za Topaz zipo dukani kwangu, jero unachukua na chenji nakurudishia. Mnajitafutia kesi tu.

Mjukuu wa Kinyozi
Mkuu acha nianze na la aibu. Babu mzaa mama alikuwa kinyozi Korogwe, alipofariki tukaukuta wembe wake ndani ya kopo la Kimbo, umeviringishwa kitambaa chenye mafuta. Pale karibu na kikunjio umeandikwa Solingen, ule mji wa nyembe wa Ujerumani, maandishi mengine yamefutika. Nikasema wa kuanzia ndo huu, wa bure halafu wa babu. Shida ulikuwa haukati. Basi nikaufanya kama kisu cha kuchinjia, nikanoa kwenye ngazi ya saruji nyuma ya nyumba, kama dakika kumi hivi, nikajaribu na ukucha naona unakwaruza nikajua tayari. Wee! Ulinivuta ndevu kama koleo, machozi yalinitoka shavu la kwanza tu, la pili sikuligusa, nikaenda kazini nusu nusu.

Baadae nikampelekea mzee mmoja ananoa mikasi ya saluni, akauinua kwenye mwanga, akanyamaza, akaniambia kijana umekula chuma cha miaka hamsini kwa siku moja. Ndo akanionyesha sasa. Wembe wa kukunja unaulaza kwenye kinoo mgongo na makali kwa pamoja, mgongo ndo unashika ule mlalo, wewe kazi yako ni kutouinua. Mimi niliuinua kama kisu. Unaanza na jiwe namba 1000 kurekebisha makali, namba ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi, halafu 4000, 8000, wengine wanamalizia na 12000, ndo unaenda kwenye ngozi. Mawe yote hayo ukiyajumlisha yanauzidi bei wembe wenyewe. Kwa hiyo wa urithi upokee, ila usianze nao kama huna wa kukunolea.

Mbagamoyo Ughaibuni
Pole mjukuu. Hapo kwenye kunoa ndo watu wengi wanapigwa. Mtu anahangaika na rangi ya mpini wiki nzima, halafu anapokea wembe mpya kabisa haukati hata unywele wa mkono, anadhani ameuziwa feki. Sio feki, nyembe nyingi zinatoka kiwandani na makali ya kiwandani tu, za uso bado. Kidevu swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe hili: umenolewa kwa mkono uko tayari kupita usoni, na nani kaunoa? Akianza kukuambia habari za mpini, potezea.

Mimi naishi kaskazini ya Uingereza, wa kwanza niliununua 2019 kwenye soko la vitu vya kale Sheffield, mji wenyewe wa nyembe. Niliweka kigezo, nisinunue kitu sijakilaza. Unaulaza wembe juu ya kioo cha meza, ukicheza kama kiti kibovu ujue umepinda, acha. Unauinua kwenye mwanga ukitazama makali kwa mbele, ukiona nukta inang'aa hapo pamemegeka. Ukiona makali yameingia ndani katikati kama mdomo wa mtu aliyenuna, huo unahitaji fundi kweli kweli, wa kwanza usiwe huo. Kutu mgongoni sio neno, kutu iliyochimba vishimo karibu na makali hapana, maana ukinoa unavifuata vishimo. Na mipini ya ile plastiki ya zamani ya seluloidi ikianza kuoza inatoa mvuke unaokula chuma, wembe unaota kutu palepale unapolala.

Kuna muuzaji pale alikuwa nao wa mpini wa pembe ya ndovu, mweupe umekuwa njano kidogo, mzuri sijui nisemeje. Niliushika nikaurudisha. Pembe nyingi zilizopita kwetu Bagamoyo na Zanzibar karne ya 19 ziliishia kwenye funguo za piano na mipini ya visu vya hawa hawa, halafu mimi nije nilipe tena? Sikuweza. Na siku hizi hata ukitaka, tangu 2022 sheria ya huku imepiga marufuku biashara ya pembe za ndovu isipokuwa vitu vichache sana, na kusafirisha kuvuka mpaka ndo kesi kabisa.

Nikachukua wa 6/8, hiyo ni upana wa wembe kwa inchi, mpini wa pembe ya ng'ombe, umbo la kabari. Nyembe za Sheffield za zamani nyingi ni kabari, nene nzito, zinakata ndevu ngumu bila kusumbuka ila kuzinoa ni shughuli. Za Solingen mashavu yamechimbwa pande zote mbili mpaka chuma kinakuwa chembamba, ukiupitisha kwenye ndevu unausikia unaimba. Kwa mgeni nashauri 5/8, ni kama milimita 16 hivi, unazunguka vizuri chini ya pua, na ncha iwe ya duara. Ncha ya mraba inafika pembeni vizuri lakini inafika na kwenye sikio.

Kisauni Original
Assalam aleikum jamani. Huyo ndugu wa Uingereza kasema yote ila hajakaa pwani na wembe wa kaboni. Mimi niko Mombasa, nilinunua wangu mpya wa Kijerumani, kaboni, nikanyoa Ijumaa asubuhi nikaukung'uta nikaukunja nikaenda zangu Malindi kwa harusi. Kurudi Jumatatu nafungua naona madoa ya rangi ya chai, matatu, na moja liko palepale kwenye makali. Siku tatu tu wallahi! Maji yalibaki ndani ya mpini na hewa yetu hii ya chumvi ikamalizia. Sasa hivi nikimaliza naukausha na karatasi ya chooni, naupitisha ngozini mara chache kutoa unyevu, halafu tone la mafuta ya cherehani, na hauingii bafuni kulala, unalala kabatini chumbani. Kama wewe ni mvivu wa kufuta chukua stenlesi, usione haya. Watasema kaboni yanoleka upesi, kweli, lakini kutu nayo ni upesi.

Lingine ambalo hakuna atakayewaambia, brashi. Brashi nyingi za bei nafuu ni nywele za nguruwe. Mimi nilishaipaka povu mwezi mzima ndo nikasoma nyuma ya boksi. Waislamu ulizeni kwanza, zipo za nywele za farasi na za nailoni ambazo siku hizi ni laini sana na zakauka haraka.

Mama Tatu
Nyie mnaongelea kutu, mume wangu analo lake, wembe wake niliukatia nyuzi za rasta. Niliuona pale umekaa vizuri unang'aa, mimi naona wembe ni wembe. Aliponisikia nakata akaja mbio na taulo kama nyumba inaungua 😂 Ukinunua kaka yangu waambie na watu wa nyumbani.

Kidevu wa Tabata
@Mama Tatu hahahaa nimecheka mpaka mtoto kaamka. Ok, sasa huo mkanda wa ngozi ni lazima kweli? Siwezi kutumia mshipi wa suruali?

Fundi Viatu Mwanza
Mshipi wa suruali una rangi, una varnishi, una mishono, usithubutu. Ni lazima, tena kila unaponyoa, sio mara moja kwa wiki. Mkanda una pande mbili, upande wa kitambaa unapitisha kama mara 20, upande wa ngozi 40 au 50, mgongo unatangulia makali yanafuata nyuma, na mwisho wa ngozi unaugeuza wembe kwa kuviringisha juu ya mgongo. Ukiugeuza juu ya makali umeukata mkanda na makali umeyaua. Mimi na ufundi wangu wote wa ngozi niliukata wa kwanza siku ya pili, chale ya kama inchi, maana nilikuwa naiga ile spidi ya kinyozi wa kwenye picha za kideo. Ndo nikajitengenezea mwenyewe, ngozi ya ng'ombe ubavu laini, upana inchi tatu, nyuma nikashona turubai la pamba. Mgeni anza na mkanda wa bei chee, utaukata tu. Halafu nenda polepole, spidi itakuja yenyewe.

Ami wa Muttrah
Miye nitakwenda kinyume kidogo na wakubwa. Anaeanza asinunue wembe wa chuma kabisa, anunue ule wa kukunja unaotia nusu ya wembe wa kawaida, hawa vinyozi wetu hapa Muscat ndo wanaotumia wote, anavunja wembe mpya mbele yako, akimaliza anatupa. Hakuna jiwe, hakuna ngozi, na hakuna kuchangia damu ya mtu. Miye nimejifunzia huo mwaka mzima. Mkono ukishazoea ndo ukatafute huo wa mamia ya pesa.

Na kama wasafiri nao kwa ndege, tia kwenye begi la chini. Miye wa chuma wangu wa kwanza haujanyoa hata siku moja, nilikuwa nao begi la mkononi, ukaguzi wakauchukua. Kosa langu, sina wa kumlaumu.

Mbagamoyo Ughaibuni
Ami shikamoo, lakini hapo naomba nibishe. Ule wa nusu wembe ni mkali kupita kiasi na ni mwepesi, hausamehi. Wa chuma ukikosea mlalo unakukwaruza, ule wa nusu unakufungua. Nilijaribu vyote, damu nyingi niliitoa na ule wa bei rahisi.

Ami wa Muttrah
Marahaba. Damu ya mwanzo itatoka kwa huu ama kwa ule, shabu ndo dawa yake. Lakini akiharibu wa nusu kaharibu baisa, yaani senti za huku, akiharibu wa Solingen kaharibu mshahara.

Mjukuu wa Kinyozi
Ami kanigusa hapo kwenye mshahara.

Ndevu Chache 254
Wasee mi naongezea moja tu coz nimeona jamaa anasema shingo inamuwaka. Kama shida yako ni vipele, zile nywele zimejikunja zinarudi ndani ya ngozi, huu wembe sio dawa by itself. Ulinisaidia, yes, juu ni makali moja inapita juu ya ngozi, sio visu tatu zinavuta nywele zinakata chini ya ngozi. Lakini wiki ya pili nikajiona nimeiva nikaanza kunyoa kinyume na ndevu ndio nipate ile laini ya mtoto. Bro! Shingo ikawa kama avocado. Sasa nanyoa vile ndevu zinalala peke yake, mara moja, nikibakisha kivuli kidogo sawa tu. Na kabla, maji ya moto dakika tatu, ama unyoe ukitoka tu kuoga. Ile methali ya maji imeandikwa na mtu alikuwa na ndevu kama zetu.

Fundi Viatu Mwanza
Nyongeza, vuta ngozi kwa mkono wa pili, wembe uulaze, mgongo uwe umeachana na ngozi kama upana wa migongo miwili, nyuzi 30 hivi. Wiki ya kwanza mashavu tu. Kidevu kina kona, kiache, malizia na mashine yako ya zamani.

Mangi wa Kona
Nimesoma mpaka hapa. Hivi huo mkanda wa ngozi mtu akiuleta dukani unaweza kutoka?

Kidevu wa Tabata
Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu sasa. Nilichukua 5/8, ncha ya duara, stenlesi maana najijua mvivu na Dar ni pwani, kutoka kwa mtu anayenoa mwenyewe kwa mkono, akaniwekea na unywele alioukatia kwenye kikaratasi kama ushahidi. Mkanda nimetengenezewa na Fundi, asante sana, una chale mbili tayari. Shabu nimenunua Kariakoo kipande kama ngumi, cha kumaliza ukoo.

Mashavu nayaweza. La kulia safi, la kushoto bado mkono unapita mbele ya pua sioni naenda wapi. Shingo kwa mara ya kwanza haijawaka. Kidevu sijakigusa, na mashine za kutupa ziliisha, sijanunua nyingine kwa ubishi, kwa hiyo kazini wanajua nafuga ndevu za mbuzi makusudi. Bosi jana kaniuliza kama nimeingia kwenye bendi.