Meseji ya bosi saa tatu usiku: ni kazi, au ni adabu tu kujibu?

Mleta mada

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawapa, wengine mambo vipi.

Jumanne nilikuwa jikoni nasonga ugali. Mke kaenda kwao Moshi msibani, mtoto wa darasa la nne kaniwekea daftari mezani, hesabu za sehemu. Saa tatu kasoro simu ikatetemeka juu ya friji. Grupu la ofisi: "Wapendwa, naomba takwimu za wiki kabla ya kikao cha asubuhi." Sijafunika hata sufuria, watu watano wameshaweka dole gumba. Wa sita kaandika "nimepokea bosi, nafanyia kazi". Hapo ujue umekwisha. Ukinyamaza, tiki za bluu zinakusemea.

Nimemaliza saa sita kasoro dakika kumi. Ugali umeshika chini, ukoko mweusi. Hesabu tulizifanya asubuhi ndani ya daladala, daftari juu ya paja langu.

Kinachonikera ni hiki. Pale mapokezi kuna daftari la mahudhurio. Saa moja na nusu asubuhi katibu muhtasi anachora mstari mwekundu, ukisaini chini yake unajieleza. Asubuhi tunahesabiana dakika. Jioni hakuna mstari, hakuna daftari. Saa zangu tatu za Jumanne zimeandikwa wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, ya ziada iwe kwa makubaliano na ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena upate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Mimi nilipata saa 7 na dakika 40, na kuoga na foleni vimo humo humo.

Nasema na jioni tuchore mstari mwekundu. Karibuni mnipinge.

Muuza vipuri, Kariakoo

Mshahara unaingia tarehe 25 mvua inyeshe jua liwake, halafu unalia kwa meseji moja? Mimi mteja wa Tunduma akinipigia saa nne usiku kuulizia shokapu napokea nimesimama.

Mleta mada

Mkuu, huyo wa Tunduma akinunua faida ni yako. Mimi takwimu zile hata soda sikupata.

Nesi

Kwetu usiku ni kazi kweli, mtu hafi kwa ratiba. Lakini kuna orodha ukutani: leo wa kuitwa ni fulani, na posho yake ipo, hata kama inachelewa. Asiye kwenye orodha analala. Kumbe nyie wa maofisini mnaitwa wote kila siku, kwa ajili ya takwimu? Poleni.

Rasilimali watu

Mleta mada kasoma sheria nusu. Hivyo vifungu vya saa havimgusi anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo kwanza tuambie cheo chako. Pili, bosi wako huenda aliandika usiku kwa sababu akilala atasahau. Mimi hufanya hivyo. Sijawahi kumwambia mtu ajibu palepale.

Mleta mada

Sisimamii mtu, labda huyo mtoto na sehemu zake. Halafu bosi kutosema "jibu sasa hivi" haisaidii kitu. Wale watano wa dole gumba nani aliwaambia? Anayetaka asisahau ana karatasi, ana kalamu.

Wa Nairobi

Huku kwetu Seneta Samson Cherargei alileta mswada mwaka 2022 wa kumpa mfanyakazi haki ya kuzima simu baada ya kazi. Waajiri waliupinga. Ufaransa wana sheria ya namna hiyo tangu 2017, Australia wakaja 2024. Sawa, lakini mimi nafanya kazi za mtandaoni za Wamarekani. Saa tatu yangu ya usiku, New York ndiyo kwanza wametoka kula chakula cha mchana. Nikizima simu, kazi inaenda kwa mwingine kabla sijalala. Mstari wenu mwekundu mtauchora kwa saa za nani?

Mama wa Mbagala

Naomba msinichoree mstari wowote. Mwanangu ana pumu. Natoka ofisini saa tisa, nampitia shule, namlaza, halafu saa mbili na nusu nafungua kompyuta namalizia. Bosi hajali, mradi kazi iwepo asubuhi. Siku mkisema jioni marufuku, mimi nitaambiwa nikae hadi saa kumi na moja kama wengine, nipande gari la jioni la Mbagala mnalolijua, nifike mtoto kalala na dada wa kazi. Kaka, wewe unatetea jioni yako kwa kunitolea sadaka mchana wangu.

Mleta mada

Dada, hapo umenipata, sikuwa nimekufikiria. Basi nabadilisha: mtu asikatazwe usiku, ila saa ziandikwe. Zako umezihamisha kutoka mchana, zangu zimeongezwa juu ya mchana. Kwenye grupu zote zinaonekana sawa.

Na jana nimeanza. Nimefungua daftari ukurasa wa Jumanne, kwenye safu ya kutoka nikakata "11:00 jioni" nikaandika "5:50 usiku", nikasaini. Katibu muhtasi akaangalia, akacheka, akaangalia tena. Akabeba daftari akaingia nalo kwa bosi. Hadi naandika hapa sijaitwa.

Muuza vipuri, Kariakoo

Leta mrejesho mkuu. Ukifukuzwa nina nafasi ya kijana wa stoo, ila simu usizime.